Kiti cha Baba na Kicho cha Mbingu

Katika nyumba tuliyokulia Kirumba, hapa Mwanza, palikuwa na kiti cha mninga chenye mikono ambacho hakuna mtoto aliyewahi kukikalia. Baba alikuwa fundi wa mitumbwi, na mara nyingi alikaa kisiwani Ukerewe wiki mbili au tatu akitengeneza vyombo vya watu, lakini kiti kile kilibaki palepale ukutani, kikipanguswa vumbi kila asubuhi, nasi tukiketi mkekani kukizunguka. Baba hakuwa mkali. Sikumbuki hata siku moja akishika fimbo kwa ajili ya kiti, wala hakupata kutuambia kwamba tusikikalie. Kwa miaka mingi nilikosa neno la kueleza kilichotuzuia, kwa sababu nikisema tuliogopa nitakuwa nimemsingizia baba, na nikisema tulimheshimu tu nitakuwa nimepunguza.

Neno hilo nililikuta nisipolitazamia, katika mafundisho ya marabi, yaani walimu wa dini wa Kiyahudi. Mimi ni Mkristo, na nilianza kuyasoma kwa sababu ya mtoto mmoja katika darasa la Jumapili ninalofundisha, aliyeniuliza kwa unyofu kabisa mtu anawezaje kumpenda Mungu anayemwogopa. Sikuwa na jibu, na sikutaka kumpa jibu la kumnyamazisha.

Wayahudi hulitaja jambo hili kwa neno la Kiebrania yira, na marabi hupenda kusema kicho cha mbingu, wakiepuka kulitumia ovyo jina la Mungu mwenyewe. Mzizi wa neno hilo hubeba hofu ya kawaida, ile ya mtu anayekutana na adui njiani, na hubeba pia hali iliyompata Yakobo alipoamka usingizini kule Betheli, akaogopa, akasema mahali hapa panatisha, kwa maana ni nyumba ya Mungu. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo bahati ya kuwa na maneno mawili: kiboko tunamwogopa, Mungu tunamcha. Waliotafsiri Biblia waliandika kwamba kumcha Bwana ndio mwanzo wa hekima, na majirani zetu Waislamu nao husema ucha Mungu wanapoeleza takwa. Nasikitika kuona kwamba kitenzi hiki kifupi kimebaki karibu katika nyumba za ibada peke yake, na kwamba vijana wengi hukidhania kuwa namna ya kizamani ya kusema kuogopa.

Tofauti ya mambo hayo mawili inaonekana wazi kabisa mlimani Sinai. Katika sura ya 20 ya Kutoka, watu wanasikia ngurumo na kuona moshi, wanatetemeka, wanasimama mbali. Musa anawaambia wasiogope, kisha katika pumzi hiyohiyo anawaambia kwamba Mungu amekuja ili kicho chake kiwe mbele yao, wasije wakatenda dhambi. Katika Kiebrania maneno yote mawili yanatoka katika mzizi uleule, kwa hiyo msomaji analazimika kusimama na kujiuliza ni hofu gani inayoondolewa na ni ipi inayoletwa. Ile inayoondolewa ni hofu iliyowafanya wasimame mbali. Naamini hivyo kwa sababu ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 10, ambapo mstari mmoja unamwamuru Mwisraeli amche Mungu wake na pia aambatane naye. Mtu hawezi kuambatana na kitu anachokikimbia.

Sasa nirudi kwenye kile kiti. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, Torati inaamuru kila mtu amche mama yake na baba yake, na kitenzi kilichotumika ni kilekile kinachotumika kwa Mungu. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi, katika sehemu iitwayo Kidushini, inauliza kumcha mzazi maana yake ni nini, na jibu lake halizungumzii kabisa kutetemeka wala kupigwa. Kumcha mzazi ni kutosimama mahali pake, kutoketi mahali pake, kutoyakanusha maneno yake. Kumlisha, kumnywesha, kumvika na kumwongoza anapoingia na kutoka kunawekwa kando, chini ya jina la heshima. Niliposoma maneno hayo mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikakaa kimya muda mrefu, kwa kuwa niliona sebule yetu ya Kirumba imeandikwa na watu walioishi zaidi ya miaka 1,000 kabla yetu. Kicho ni kuitunza nafasi ya mwingine hata wakati yeye mwenyewe hayupo kuikalia.

Hilo la kutokuwapo ndilo kiini cha jambo. Sura hiyohiyo ya Walawi inakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo, kisha inaongeza, nawe umche Mungu wako. Marabi waliona kwamba kipofu hapa ni pia mtu asiyejua jambo fulani, na mfano waliotoa ni wa mtu anayemshauri mwenzake auze shamba anunue punda, huku yeye mwenyewe akilinyemelea shamba hilo. Nani atamshitaki? Atasema alitoa ushauri kwa nia njema, na hakuna baraza litakaloweza kuthibitisha vingine. Hapo sheria ya wanadamu inaishiwa nguvu, na hapo ndipo Torati inapotaja kicho. Marabi walilifanya hilo kanuni: kila jambo lililokabidhiwa moyo limesemewa, umche Mungu wako.

Mfano wao mwingine hunichoma kila ninapokwenda soko la Mwaloni kununua dagaa. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi ambao Talmudi inaufafanua, inakataza mtu kumuuliza muuzaji bei ya kitu ikiwa hana nia ya kukinunua, na Rabi Yehuda anaongeza kwamba asikazie macho bidhaa kama hana fedha. Mwaloni watu huuliza bei siku nzima, na kulinganisha bei kwa nia ya kununua si kosa hata kidogo. Lakini kuna kuuliza kwa kujipitishia wakati, kwa kumfanya mama mwenye fungu lake la dagaa ainuke, afunue turubai, ainue matumaini pamoja na kopo la kupimia, na wewe ukijua tangu mwanzo kwamba unapita tu. Nimefanya hivyo mara nyingi. Ni mimi peke yangu niliyejua, na yeye aliketi tena akisubiri mteja mwingine.

Kuhusu hilo kuna habari ya Yohanan ben Zakkai, mwalimu aliyeishi wakati Warumi walipoliharibu hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Alipokuwa mgonjwa karibu na kufa, wanafunzi wake walimwomba awabariki, naye akawaombea kwamba kicho cha mbingu kiwe juu yao kama hofu ya wanadamu. Wakashangaa: kiasi hicho tu? Akawajibu, laiti ingekuwa hivyo, kwani mtu anapotenda kosa husema moyoni, asinione mtu. Ninaipenda habari hii kwa sababu mzee huyu hakuwadai wanafunzi wake kitu kikubwa. Alijua kwamba tunaogopa macho ya jirani kila siku bila kufundishwa.

Wayahudi hawakukataa kwamba watu wengi huanza kwa kuogopa adhabu. Moshe Chaim Luzzatto, rabi aliyezaliwa Padua, Italia, mwaka 1707, alitenganisha hofu hiyo na kicho cha utukufu, akaiona hofu ya adhabu kuwa daraja la chini linalompata mtu yeyote anayeipenda nafsi yake, na kicho cha utukufu kuwa kigumu kukipata kwa sababu kinahitaji ujuzi na fikra. Naye Maimonides, tabibu na mwanasheria aliyefariki Misri mwaka 1204, anaeleza njia ya kukifikia. Mtu akiyatafakari matendo makuu ya Mungu na kuiona hekima isiyo na mwisho iliyomo, mara humpenda, humsifu na kutamani kumjua, na akiendelea kuyatafakari hayohayo, mara hurudi nyuma akiwa na kicho, akijua kwamba ni kiumbe mdogo mbele yake yeye aliye mkamilifu wa maarifa. Kisha anataja Zaburi ya nane, ile ya kuziangalia mbingu na kuuliza mtu ni kitu gani.

Mimi nililiona hilo kabla ya kulisoma. Nilikuwa na miaka kama minane, baba amenichukua Nansio, kule Ukerewe, na ulikuwa wakati wa giza, zile siku zisizo na mwezi ambapo wavuvi wa dagaa hutoka na taa. Tulishuka ufukweni usiku. Karabai zilikuwa zimetapakaa ziwani na nyota zimejaa juu yake, na sikuweza kuona mahali maji yanapoishia. Nilicheka kwa furaha, nikakimbia hadi maji yakanifika magotini, kisha nikasimama ghafla, nikarudi kinyumenyume mpaka nikashika shati la baba. Hakuna kilichonitisha, na wala sikutaka kurudi nyumbani. Kama yule mtoto wa darasa langu angeniuliza usiku ule, labda ningemjibu vizuri kuliko nilivyomjibu mwishowe.

Baba amekwishafariki, na kile kiti kiko kwa kaka yangu, Igoma. Hivi karibuni nilirudia mstari ule wa Walawi nikagundua nililokuwa nimelipita. Katika amri ya kuheshimu wazazi, baba anatajwa kwanza. Katika amri ya kumcha mzazi, anatajwa kwanza mama. Talmudi inaeleza kwamba Mungu anajua mtoto humcha baba kuliko mama, na kwa hiyo akamtanguliza mama. Mama yetu alikuwa na kigoda kimoja tu cha jikoni, kando ya mafiga. Tulikuwa tukikikalia kila alipoinuka, hata alipokwenda kuongeza maji tu, na akirudi alisimama huku akikoroga ugali.