Pini ya Mama Mkwe

Jioni moja ya kiangazi, nyumbani kwa wakwe zangu wilayani Mayuge, katika eneo la Busoga, mashariki mwa Uganda, nilimkuta mama mkwe ameketi mkekani, amepakata mguu wa mjukuu wake na kumchokoa funza kwa pini aliyokuwa ameichomeka kwenye gauni lake la gomesi. Mtoto, wa miaka saba hivi, alikuwa ameuma midomo bila kulia. Bibi alipomaliza kidole gumba, aliipangusa pini kwenye upindo wa nguo, kisha akamwita mtoto wa pili. Nilinyamaza, kwa maana mkamwana hamkosoi mama mkwe mbele ya watoto, lakini pini ile ilininyima usingizi, kwa sababu inayopita katika damu ya mtoto mmoja kwenda kwa mwingine inaweza kubeba pepopunda, homa ya ini na hata virusi vya UKIMWI.

Funza si mdudu wa asili ya kwetu. Alitoka bara la Amerika, akafika pwani ya Angola kwa meli mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kulivuka bara zima. Jike, ambaye hafikii milimita moja, hujichimbia kwenye ngozi, hasa pembezoni mwa kucha, akavimba kwa mayai hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere; kidoa cheusi kinachoonekana katikati ya uvimbe mweupe ni ncha ya nyuma yake, ambayo kwayo hupumua na kutaga. Mayai huanguka chini, na viluwiluwi hukulia katika vumbi kavu, yaani kwenye sakafu ya udongo ambako watoto hulala. Hapa Busoga, mwaka 2010, viliripotiwa vifo visivyopungua 20 vilivyohusishwa na funza.

Ndiyo maana hunikera kusikia watu wa mjini wakisema kwamba wenye funza ni wavivu wa kuoga. Mtoto anaweza kuoga jioni, akalala juu ya vumbi lile lile, akaamka na funza wapya. Yapo mafuta ya dimetikoni ambayo, yakipakwa kwenye kile kidoa, humziba mdudu pumzi pasipo kuchokoa, ila dukani kijijini sijawahi kuyaona.

Likizo iliyofuata mume wangu alisakafia chumba cha watoto kwa saruji, na kila mjukuu nikamnunulia ndara. Alibaki nguruwe aliyefungwa chini ya mfenesi, hatua chache kutoka mlangoni. Katika vijiji vya wilaya ya Bugiri, humu humu Busoga, watafiti waliokagua mifugo walikuta nguruwe ndio wanaobeba funza zaidi, hivyo nikamwomba mama mkwe, kwa heshima zote, amhamishie mbali na nyumba. Akanitazama kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "huyo ndiye karo ya muhula ujao. Akiibiwa huko mbali, utalipa wewe?"