Königsberg, Severn na Mersey kwa kipimo cha 1:1200: nilivyozijenga na kuzipaka rangi

Kwa mchezo wa mezani wa mapigano ya delta ya Rufiji, Julai 1915, meli tatu zinatosha: Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani iliyojificha humo, na Severn na Mersey, meli ndogo za mizinga za Waingereza zilizoifuata. Zote nimezijenga kwa 1:1200, yaani milimita 1 ya mezani ni mita 1.2 ya baharini. Kukata na kupaka rangi si kazi ngumu. Kilichonichukua muda ni kuamua kipi kifuate vipimo na kipi kitiwe chumvi kidogo. Mtutu wa mzinga wa sentimita 10.5, ukiupunguza mara 1,200, unakaribia unene wa unywele. Ukiufanya hivyo, hakuna atakayeuona, na utakatika siku ya kwanza.

Umbo la chini ndilo lisilotakiwa kuchezewa. Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115.3 na upana wa mita 13.2, kwa hiyo kwangu ni milimita 96 kwa 11. Severn na Mersey ni milimita 68 kwa 12.4. Angalia hapo: hizo ndogo ni pana kuliko ile kubwa. Ziliagizwa na Brazili kwa ajili ya mto Amazon, chini yake ikiingia majini mita 1.7 tu, na ndiyo sababu ziliweza kupanda Kikunja, mmoja wa mikono ya Rufiji. Ukimaliza na Severn ikaonekana nyembamba na ya kupendeza, umekosea vipimo.

Kwa Severn na Mersey nilitumia kadi za benki zilizokwisha muda. Unene wake ni milimita 0.76, na kadi mbili zilizogandishwa pamoja zinatoa kimo cha sitaha kinachofaa. Epuka sehemu yenye chipu na namba zilizochomoza, kisha sugua pande zote mbili kwa msasa namba 400. Usiposugua, gundi inashika ule utando wa juu tu, na meli inaachana kama mkate wa maji siku ikianguka. Kadi ina urefu wa milimita 85.6, kwa hiyo haitoshi kwa Königsberg. Hiyo niliijenga kwa bapa la plastiki la milimita 1: matabaka matatu kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), kisha vipande vya milimita 1.5 juu ya omo na juu ya tezi, kwa sababu katikati sitaha yake iko chini. Gubeti lake, yaani ncha ya omo, linatokeza mbele pale linapokutana na maji. Tabaka la chini liache lizidi la juu kwa nusu milimita, halafu laini kwa tupa.

Chora mstari wa katikati kwenye kila tabaka kabla ya kukata, na usiufute. Ndio unaoonyesha kama dohani tatu na milingoti miwili imekaa sawa. Dohani iliyopinda kwa nusu digrii inaonekana ukiwa umesimama mbali. Dirisha lililokosekana kwenye daraja la nahodha halionekani hata ukiwa karibu.

Dohani ni vijiti vya kuchokolea meno vya milimita 2, vilivyokatwa kwa urefu mmoja. Mti hunywa rangi na kuacha nyuzi, kwa hiyo vipake supa gluu nyepesi, ngoja vikauke, kisha sugua kidogo. Mizinga ya Königsberg ni kumi: miwili sambamba omo, miwili sambamba tezi, na mitatu kila ubavu. Mitutu nilikata kwenye nyuzi za shaba za waya wa umeme, unene wa milimita 0.3 na urefu wa 3.5. Urefu ni wa kweli, unene nimeutia chumvi. Severn na Mersey zina mzinga mmoja wa inchi 6 mbele na mwingine nyuma. Hapo natumia pini ya nusu milimita, urefu wa milimita 5. Mzinga wa mbele wa Mersey sikuugandisha, nimeutobolea tundu tu, maana ulipigwa tarehe 6 Julai na mchezaji wa upande wa pili atataka kuuona ukiondoka.

Supa gluu ina tabia moja mbaya: ukiweka nyingi kwenye pembe iliyofungwa, mvuke wake unatua pembeni na kuacha weupe kama vumbi la chaki. Tone la ncha ya sindano linatosha, na feni iwe inapuliza kwa mbali. Weupe ukishatokea, usihangaike kukwangua, rangi itaufunika.

Praima ya kupuliza, yaani rangi ya msingi, ni kitu cha kuogopa huku pwani. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, thina inapokimbia hupoza uso wa rangi, unyevu unanasa, na unapata ukungu usiotoka. Napuliza saa tano asubuhi jua likiwa limekaza, kwa mipigo mifupi miwili. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kadi kilichobaki, kwa kuwa baadhi ya rangi za kupuliza zinayeyusha plastiki.

Rangi za maji nazichanganya sehemu mbili kwa moja ya maji, mikono miwili. Kijivu cha Königsberg nimekipunguza kwa nyeupe, sehemu tatu kwa moja, kwa sababu kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kilivyo. Severn na Mersey nimezipa kijani kilichofifia. Baada ya hapo, kahawia nyeusi iliyokorogwa na maji mara nane na tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni maji yanajikusanya katikati ya sitaha na kuacha doa la duara. Mwisho, brashi kavu yenye kijivu cheupe kwenye kingo. Magunia ya mchanga yaliyozunguka sehemu muhimu za Severn na Mersey ni nukta za gundi ya mbao, zilizopakwa rangi ya katani.

Kitako ni mbao ya MDF ya milimita 2, ukubwa wa 120 kwa 25 kwa Königsberg na 90 kwa 25 kwa wenzake. Gundi ya mbao ikiwekwa upande mmoja inapokauka hujikunja na kuvuta mbao nayo, kwa hiyo paka upande wa chini pia. Mawimbi ni tishu iliyolowekwa gundi na kusukumwa kwa brashi. Halafu, tafadhali, usipake buluu. Maji ya Rufiji ni tope: kahawia yenye kijani, na mng'aro wa vanishi juu. Nimeona meli nzuri kabisa zikielea kwenye bahari ya kadi ya posta katikati ya mikoko.

Mikoko ni sponji ya kuoshea vyombo iliyochanwa; mti wa mita 12 ni milimita 10. Umbali usiufuate kwa kipimo cha meli: mita 10,000 zingekuwa zaidi ya mita 8 mezani. Mimi natumia 1:10,000 kwa ardhi, mita moja inatosha, na pazia la mikoko katikati. Wapiganaji hawakuonana; mizinga ya Waingereza iliongozwa na ndege zilizotoka Mafia, kwa hiyo ndege iliyochomekwa kwenye waya ni kifaa cha lazima.

Majani yaliyoificha Königsberg yanakuja mwisho kabisa, baada ya vanishi isiyong'aa kukauka usiku mzima. Ni majani ya chai yaliyotumika, yakakaushwa na kupakwa kijani, yakabandikwa kwa gundi ya mbao kwenye milingoti. Nilipoyatanguliza kabla ya vanishi, yalilowa, yakalala, na dohani mbili zikaonekana zimevaa kilemba.