Breki zinalia Minneapolis, fundi yuko Ilala

Leo nina hasira, mnivumilie. Nimelipa dola 129 ili mtu asikilize breki za gari langu zinavyolia. Kusikiliza tu, kutengeneza kuna bei yake. Kwenye risiti wameiita ada ya uchunguzi.

Gari lenyewe ni Corolla ya 2012, la kuendea kazini na kupeleka watoto shule. Pedi za mbele nilibadilisha mwenyewe, kama tunavyofanya wengi huku. Seti ya pedi za kauri ni dola arobaini na kitu, na kazi si ya kutisha: unafungua tairi, unatoa boliti za kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski), unarudisha pistoni ndani kwa jiriwa, unapachika pedi mpya. Gari likawa linasimama vizuri kabisa. Tatizo mluzi. Kila nikikaribia taa nyekundu linatoa sauti nyembamba ya kutoboa sikio, hadi watu wa kituo cha basi wanageuka. Mama watoto akasema hapandi tena mpaka nilipeleke kwa watu wanaojua. Haya, nikalipeleka.

Gereji za huku mnazijua kwenye picha: sakafu inang'aa, kahawa ya bure, kijana wa kaunta ana shati lenye jina. Nimekaa weee, naitwa, naonyeshwa tableti yenye mchoro wa gari langu lote jekundu. Diski mbili mpya. Pedi mpya (hizi ambazo hazijapata hata vumbi!). Kalipa mbili. Mafuta ya breki. Jumla dola 1,140. Pigeni wenyewe kwa shilingi, mimi nilipiga nikanyamaza. Kwa hela hiyo pale Ilala huulizii breki, unaulizia injini.

Nikamuuliza, diski zina kosa gani? "Zina kutu." Ndugu zangu, hili ni jimbo la Minnesota. Majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, kila chuma cha chini ya gari kina kutu. Nikauliza unene umebaki milimita ngapi, maana kila diski ina kipimo cha chini kimegongwa kwenye chuma chake, ukishuka hapo ndipo inatupwa. Hakuna aliyepima. Nikalipa 129 yangu, nikachukua ufunguo.

Hapa niwaseme kidogo mafundi wa nyumbani mnaoniandikia kila wiki "kaka nivute huko". Ile bei ya saa moja iliyobandikwa ukutani si ya fundi. Gereji nyingi hapa fundi analipwa kwa kitabu: kitabu kikisema kazi hii ni saa moja na nusu, analipwa saa moja na nusu, hata kama nati imeganda na ameihangaikia mpaka jioni. Spana na boksi lake la vifaa ananunua mwenyewe, wengine kwa mkopo. Na watakuuliza vyeti vya ASE, vyeti vya ufundi magari vya hapa Marekani, ambavyo ni mtihani pamoja na uzoefu wa miaka kazini. Hata ukifaulu mtihani, bila kuthibitisha hiyo miaka kazini cheti hupati. Kwa hiyo kama una gereji yako chini ya mwembe na wateja wanakupigia simu usiku, usiifunge kwa sababu ya picha ninazoposti mimi. Njoo ukiwa na karatasi zako, uwe na Kiingereza cha kumweleza mteja, na ujue mwaka wa kwanza utakuwa wa kubadilisha oili. Sisemi msije. Nasema mje mkiwa mnajua.

Tuendelee. Usiku saa nne nikarekodi ule mluzi nikamtumia kwenye WhatsApp fundi wangu wa Ilala, yule aliyenitengenezea gari tangu nikiwa Dar. Kwao kumepambazuka, ndiyo kwanza anafungua kibanda. Sauti yake ikarudi kabla sijazima taa:

"Bosi, shikamoo ya ughaibuni! Hiyo pedi nzima, diski nayo sijasikia kosa. Pedi inacheza kwenye masikio. Vile vibati vya pembeni ulibadilisha au ulirudisha vya zamani? Cheki na pini ya chini ya kalipa, itakuwa imekauka. Toa zote, piga msasa, paka grisi ya breki. Usiniwekee grisi ya bearingi pale, itavimbisha mipira."

Nikamuuliza deni. "Ya soda tu, bosi."

Basi nafasi ya kufanyia kazi ikawa mtihani wa pili. Mkataba wa nyumba ninayopanga unakataza kutengeneza gari kwenye maegesho. Ukionekana na jeki unaletewa barua. Nikaenda Brooklyn Park, mji wa jirani, kwa rafiki yangu Mkisii, yeye amenunua nyumba, ana sehemu yake ya gari na hana wa kumuuliza. Koleo la kubana nikaazima duka la spea. Hili wageni wengi hawalijui: maduka kama AutoZone na O'Reilly yanaazimisha vifaa, unaacha amana, ukirudisha unapewa hela yako yote. Hapo siwezi kuwasema vibaya Wamarekani.

Gari likawekwa juu ya stendi. Jeki peke yake haiaminiki, iwe Ilala au Minnesota. Kalipa nikaifunga kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Pini ya juu ikatoka kwa vidole. Ya chini ikagoma, nikaishika kwa koleo na kuizungusha taratibu huku Mkisii anapuliza dawa ya kulegeza kutu, na ilipotoka ilitoka na unga wa kahawia kama ugoro. Grisi yote ya kiwandani ilishakwisha. Pini ikikwama namna hiyo kalipa haitelezi sawasawa: pedi moja inabana, nyingine inaguswa tu, inatetemeka. Ule mtetemo wa kasi ndio mluzi unaousikia.

Lakini mchawi mkubwa alikuwa chini ya vibati. Kile chuma kinachobeba pedi kina vijia viwili kila upande, masikio ya pedi yanakaa humo, na ndani yake kuna kibati chembamba ili sikio liteleze bila kukwama. Boksi la pedi nililonunua lilikuja bila vibati. Nilipovibandua vya zamani nikakuta kutu imejaa nyuma yake, imevisukuma hadi vijia vikawa vyembamba. Sikio la pedi likiingia humo halirudi nyuma ukiachia breki. Linabaki limegusa diski, linapata moto, uso wa pedi unang'aa kama kioo na ukishang'aa ndio unalia zaidi. Nikapiga tupa na brashi ya waya mpaka chuma cheupe kikaonekana. Seti ya vibati vipya: dola kumi na mbili. Zipo dukani, rafu ya chini kabisa, ambako macho hayafiki.

Pedi zenyewe sikuzitupa. Nilitandaza msasa kwenye ubao, nikazisugua uso mpaka ule mng'ao ukaisha, na kingo zake nikazipiga tupa kwa mshazari kidogo, maana kona kali nayo inachangia kulia. Fanyeni hivyo nje, mkivaa barakoa. Vumbi la breki msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, oshea kwa dawa ya kusafishia breki.

Grisi ni ile ya breki, ya silikoni au ya kauri. Unapaka kwenye pini, kwenye masikio, na tabaka jembamba mgongoni mwa pedi pale pistoni na vidole vya kalipa vinapogusa. Usoni mwa pedi na kwenye diski usiweke hata tone. Ikigusa, futa yote kwa dawa. Kama pedi imeshainywa, nunua nyingine. Na angalieni kile kilimi cha chuma pembeni ya pedi. Kazi yake ni kulia pedi ikikaribia kuisha, ila kikipinda wakati wa kufunga kinaanza kulia siku ya kwanza na utafukuza mwizi asiyekuwepo.

Tairi zikarudi, nati kwa spana ya kipimo, futi-pauni 76 kwa gari hili. Kabla ya kuwasha nikakanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikawa ngumu, maana pistoni ikisharudishwa nyuma, mkanyago wa kwanza ni hewa tupu na geti la jirani liko mbele yako. Halafu tukaenda barabara ya viwandani, Jumapili haina mtu. Unakimbiza kama kilomita 50 kwa saa, unakanyaga kwa nguvu kiasi hadi karibu 10, unaachia, unakimbiza tena. Mara nane, kumi. Usisimame kabisa huku umekanyaga, pedi ikiwa ya moto itaacha alama kwenye diski. Baadaye unaendesha polepole bila breki mpaka zipoe. Hiyo inaweka tabaka sawa la pedi kwenye diski, na pedi mpya isiyofanyiwa hivyo huwa inalia hata kama fundi hana kosa.

Ukimya. Mkisii akashusha kioo, akasikiliza, akasema, "Sasa hapo uko sawa, bro," kisha akaniambia zile dola 129 tungekula mbuzi mzima. Ameniudhi kwa sababu ni kweli. Fundi wa Ilala nimemtumia elfu hamsini. Akapiga simu kulalamika kwamba soda gani hiyo, halafu akauliza kama kuna Mtanzania mwingine huku gari lake linalia.

Mtakaouliza: mluzi wa asubuhi tu, baada ya mvua au umande, ukaisha ukikanyaga mara mbili tatu, huo ni utando wa kutu juu ya diski, achaneni nao. Ikiwa ni kukwaruza kwa chuma juu ya chuma, hilo si la kungoja wikiendi. Na kama gari lako lina handibreki ya kubonyeza kitufe, usirudishe pistoni ya nyuma kwa nguvu kabla hujaliweka kwenye hali ya matengenezo, utavunja mota na hapo ndipo ile 1,140 itaonekana rahisi. Langu nyuma ni breki za dramu, si za diski. Hizo tutazifungua kabla theluji haijaanza, na Mkisii ameshatoa sharti: nije na mkaa, na mbuzi.