"Kuna ngazi?": siku moja na wageni wangu Mbezi Beach

Saa 10:10 alfajiri

Simu inaniamsha kabla ya jogoo. Nakodisha nyumba kwa wageni hapa Dar es Salaam, na wa nyumba ya chini, mume na mke kutoka Ujerumani, wanawahi boti ya saa 1 asubuhi kwenda Zanzibar. Kutoka huku kwetu Mbezi Beach hadi bandarini si safari ya kubahatisha. Gari likitoka saa 11 kasoro robo linateleza tu. Likitoka nusu saa baadaye linakutana na watu wa Tegeta na Bunju wote pale Mwenge. Dereva wangu ameshafika, amesimama nje ya geti taa zimezimwa, hapigi honi. Ndiyo sababu nafanya naye kazi mwaka wa tatu huu.

Jana jioni niliwauliza kuhusu bima. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar lazima awe na bima ya huko huko, dola 44, hata kama ana nyingine ya safari. Walikuwa hawajakata. Tulikaa mezani kwao na simu zetu tukaimaliza papo hapo. Laiti wangeligundua hilo wakiwa na mabegi mkononi, asubuhi yao ingeharibika, na mimi ningekuwa nimelala.

Leo ni tarehe mosi Agosti, kusi bado inavuma. Nimewafungia vipande vya tangawizi na nimewaambia wakae ghorofa ya chini, kuelekea nyuma, boti isiwarushe sana.

Saa 11:20

Wameondoka, adhana inaanza. Msikiti uko nyumba ya nne kutoka kwetu.

Mwaka niliofungua nyumba hii, mgeni mmoja alinipa nyota tatu kwa sababu ya adhana hiyo. Niliumia wiki nzima. Nilimwona mtu asiye na adabu, amekuja kwa watu halafu analalamikia sala zao. Kisha nikarudia kusoma tangazo langu kwenye Airbnb nikakuta nimeandika kwa mkono wangu: "mtaa tulivu kabisa". Mgeni aliamini nilichomwambia. Siku hiyo hiyo nilibadilisha: "Msikiti uko karibu, adhana ya kwanza inasikika alfajiri, saa 11 na kidogo. Majirani wanafuga kuku." Hajalalamika mtu tena. Wapo waliokuja wakaniambia wameipenda. Mpaka leo naamini mgeni anaweza kuvumilia karibu kila kitu alichoambiwa kabla hajalipa.

Saa 12:30 asubuhi

Nazunguka mita za LUKU, umeme wa kulipia kabla, nyumba zote tatu. Chini ya uniti 40 siiachi, kwa sababu kiyoyozi kikiwashwa usiku kucha kinakula uniti nane hadi kumi, na umeme ukiisha saa 8 usiku mgeni wa kutoka nje hajui namba 20 za tokeni anaziingiza wapi. Mwanzo wa mwezi nanunua nikijua uniti zitapungua: kodi ya jengo inakatwa humo humo tangu mwaka 2021. Naingiza namba taratibu, nne nne, mita inakubali, naandika kwenye daftari.

Saa 1 hadi saa 5

Hapa ndipo siku yenyewe ilipo.

Wageni wa leo ni familia kutoka Musoma. Watu wengi wakisikia nyumba za wageni Dar wanafikiria Wazungu na ufukwe. Zaidi ya nusu ya wageni wangu ni Waafrika wenzangu: wafanyabiashara wa Kongo na Zambia wanaokuja Kariakoo, watu wa harusi, ndugu zetu wanaoishi ughaibuni, na wanaoleta wagonjwa Muhimbili. Hawa wanampeleka mama yao kliniki ya moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete keshokutwa. Wamechagua huku kwa sababu dada yao anaishi Goba.

Walikuwa wamelipia nyumba ya juu. Juzi kijana wao alinipigia kuuliza njia, na alipokaribia kukata simu akasema, "Dada, samahani, hivi hapo kuna ngazi?" Zipo ngazi kumi na nane. Nikamwambia mtakaa chini, bei ni ile ile. Kwa hiyo leo nyumba ya chini, ambayo wageni wametoka alfajiri, lazima iwe tayari saa 5.

Dada ninayefanya naye kazi amefika saa 1 kamili. Tunaanza na madirisha, tunayafungua yote, maana nyumba za karibu na bahari zikifungwa siku moja tu zinatoa uvundo. Mashuka yanavuliwa. Natumia meupe matupu, na sababu yake ni jiki. Wiki iliyopita tulikuwa na kina mama wa harusi juu, piko na hina vikaingia kwenye foronya. Shuka la maua lingekuwa limekufa, jeupe linalowekwa na kurudi. Lakini taulo zao nilikuwa nimewapa za kahawia, nikawaambia kabisa, "Hizi ni za hina, futieni bila wasiwasi." Mtu akipewa taulo jeupe la kuogopa kulichafua hajisikii yuko nyumbani.

Bafuni tumekaa muda mrefu kuliko kawaida. Kile kizulia cha kukanyagia nimekitoa, kinateleza. Nimeweka kiti cha plastiki chini ya bomba la mvua, nikakikalia mwenyewe na nguo zangu kuona kama mkono unafika kwenye koki. Haukufika. Nikakisogeza karibu na ukuta wa kulia, ukafika. Kisha nikajaribu kuinuka bila kushika popote, nikaona mtu mwenye pumzi fupi hataweza. Dada akaleta stuli ile nzito ya mninga kutoka barazani, tukaiweka pembeni kama mhimili. Haipendezi kwenye picha, lakini haiyumbi.

Godoro tumeligeuza. Tumepiga deki mara mbili, ya pili bila sabuni, sakafu isibaki na utelezi. Chupa ya chai nimeijaza maji ya moto, na chandarua nimekikagua tundu kwa tundu kwenye mwanga wa dirisha. Nimekuta moja, dada amelishona.

Saa 5:25

Gari limeingia hadi barazani. Mama ameshuka taratibu, ameshikwa mkono na mwanawe, akasimama kwanza apumue.

"Shikamoo mama, karibu sana."

"Marahaba mwanangu. Wazima hapa?"

"Wazima, mama. Poleni na safari."

Hakuuliza nyumba iko wapi. Aliangalia mlango, akaangalia chini kutafuta kizingiti, hakukiona, akaingia. Mwanawe alibaki nyuma yangu sekunde kidogo bila kusema kitu.

Niliwaacha wakae, wanywe maji. Nyumba yangu haielezwi kwa mgeni aliyesimama na begi. Baada ya robo saa ndiyo nikawaambia yale yangu ya kila siku: maji ya bomba hayaji kila siku mtaani hapa, tunategemea simtanki, na likitokea lolote usiku nipigieni, nakaa nyumba ya nyuma. Maji ya kunywa ni ya kwenye mtungi ule. Kijana nikamwambia pembeni kwamba siku ya kliniki gari lije saa 11 alfajiri, na kadi ya mama waitoe kwenye begi usiku.

Saa 8 mchana

Chakula, madaftari, fundi wa kisimbuzi amekuja na kuondoka.

Saa 10 jioni

Wajukuu wa mama wanataka kuogelea. Hawajawahi kuona bahari. Wamezoea ziwa, na ziwa halikimbii. Nimewaeleza kwamba huku maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Leo jioni yanapwa. Wakienda sasa watatembea kwenye mchanga na mawe hadi wachoke, maji yanawafika magotini. Kesho asubuhi yanakuwa yamejaa. Mkubwa wao, miaka kama tisa, ameniuliza maji yanakwenda wapi yakitoka. Tumekaa barazani na chungwa na limau, mwezi na dunia, mpaka akaelewa, au akanihurumia.

Saa 2:10 usiku

"Dada, samahani kwa usumbufu. Maji yamekata, na mama alikuwa anataka kuoga."

Simtanki ya chini imejaa. Ya juu haina kitu, tumefua na kupiga deki kutwa. Pampu nikiiwasha inanguruma lakini haizunguki. Nikaizima hapo hapo, maana ikiachwa hivyo inaunguza koili, na mota mpya si bei ya mchezo. Nikampigia fundi, nikamweleza mlio tu. Akasema, "Kapasita hiyo, nakuja nayo."

Wakati huo sikumwacha mgeni asubiri. Mzee wetu wa getini alichota ndoo mbili kutoka tangi la chini, mimi nikachemsha birika mbili, tukachanganya hadi uvuguvugu. Binti wa yule mama akamwogesha akiwa amekaa kwenye kile kiti. Nilisimama nje ya mlango na kata ya ziada, nikasikia mama anasema, "Mbona maji haya ni mazuri kuliko ya bomba."

Fundi alifika na bodaboda. Alifungua kifuniko, akanionyesha kwa tochi: kile kikopo kimevimba kichwani kama cha samaki aliyeharibika. Alikigusisha bisibisi kwanza kutoa umeme uliobaki ndani, akafunga kipya, akawasha. Mlio ukabadilika, bomba la juu likaanza kutetemeka. Dakika 40 tangu nipigiwe simu. Nimeagiza kapasita ya pili ikae kabatini. Ningetakiwa kuwa nayo tangu zamani.

Nilirudi kwa kijana nikamwambia kilichoharibika, kilichofanyika, na kwamba tangi la juu litajaa baada ya kama saa moja. Wenyeji wengi wanadhani mgeni akishapata maji, mambo yamekwisha. Mimi naona anastahili kujua ni nini, hasa aliyekuja na mgonjwa, ambaye usiku kucha anahesabu kitu gani kingine kinaweza kukatika.

Saa 4:30 usiku

Namwandikia mgeni wa kesho, mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, anakaa juu. Ngazi kumi na nane. Msikiti, kuku, simtanki. Mizigo yake ya Kariakoo tunaweza kuihifadhi chini, asiibebe. Nimeusoma ujumbe mara mbili ndipo nikautuma.

Ujumbe mwingine umeingia, wa kijana wa chini: "Mama amelala vizuri. Anauliza kama jiko la mkaa lipo, amekuja na dagaa wa ziwani, kesho anataka kutukaangia na wewe ule."

Nimemjibu kwamba jiko lipo nyuma, karibu na kamba za nguo, na mkaa upo. Ila asianze mpaka nianue mashuka.