Sufuria Iliyookoa Behewa Langu

Kila niliyemuuliza namna ya kuunganisha behewa la treni ndogo la metali nyeupe alinijibu neno moja: gundi. "Metali nyeupe hailehemiwi, itakuyeyukia mkononi. Paka gundi, bana, subiri, basi." Nimekuja kugundua kwamba wengi wa walionishauri hivyo hawajawahi kusogeza chuma cha kulehemu karibu na metali hiyo hata siku moja. Walikuwa wanarithishana woga tu. Nami nikaupokea ule woga kama amana, nikakaa nao mwaka mzima.

Kwa asiyeijua, metali nyeupe ni aloi ya bati, risasi na antimoni kidogo. Watengenezaji wa seti za treni ndogo huimimina kwenye kalibu za mpira wakapata vipande: ubavu wa behewa, bafa (vile vibebeo vya mgongano mwisho wa behewa), boksi za ekseli, dohani ya injini. Ni nzito, laini, ukiibonyeza vibaya inapinda. Seti yangu ya kwanza ilikuwa behewa la wazi la kubebea makaa, ekseli mbili, kipimo cha OO, yaani milimita 4 kwa kila futi ya behewa halisi. Maelekezo yalikuwa ukurasa mmoja. Hatua ya kwanza: "Safisha vipande." Hatua ya pili: "Unganisha behewa." Hatua ya tatu ilikuwa rangi.

Basi nikaunganisha. Gundi ya kukauka haraka kwenye kona nne, kisha nikazungusha mipira miwili ya kufungia noti ili ibane vizuri, nikaenda kulala nikijiona fundi. Asubuhi nikaliweka behewa juu ya kioo. Magurudumu matatu yalikanyaga, la nne lilikuwa hewani, na chini yake kadi ingepita bila kugusa. Ile mipira ilikuwa imevuta kona moja ndani usiku kucha huku gundi ikiishikilia kwa uaminifu wote. Juu ya reli, behewa lilikwenda vizuri mpaka kona ya kwanza. Baada ya miezi michache likaanguka kutoka mezani, ubavu mmoja ukabanduka mzima mzima, na gundi yote imebaki upande mmoja kama ganda la yai. Nikaurudisha kwa gundi ile ile, maana sikujua lingine.

La pili nikasema liwalo na liwe, nalehemu. Nikachukua chuma changu cha kawaida na lehemu ya kawaida ya nyaya za redio. Nikagusa kona. Kona ilikuwepo, kisha haikuwepo. Iligeuka tone moja zuri linalong'aa, likadondoka kwenye kandambili yangu. Wale washauri wa gundi walicheka sana.

Kosa halikuwa kulehemu. Lehemu ya kawaida, ile ya bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, haiyeyuki yote mpaka ipite nyuzi 183 za Selsiasi, na ncha ya chuma cha kawaida huwa imefika 350 au zaidi. Metali nyeupe yenyewe inaanza kulegea kwenye 200 na ushei. Ni kama kutaka kuyeyusha mshumaa juu ya mshumaa mwingine bila kuugusa ule wa chini. Kumbe kuna lehemu nyingine inayoyeyuka kwenye nyuzi 70 tu! Ndani yake mna bismathi karibu nusu, halafu risasi, bati na kadimiamu. Kadimiamu ni sumu, kwa hiyo fungua dirisha, na usile kitu mezani pale. Hata vumbi la tupa la metali nyeupe lina risasi, kwa hiyo mikono inaoshwa kabla ya kugusa chochote.

Nikanunua chuma chenye kidhibiti cha joto. Hakikuwa rahisi, lakini ukijumlisha seti nilizokwisha kuharibu utaona nilichelewa kukinunua. Nikakishusha mpaka mwisho, 150. Nikapaka asidi ya fosforiki iliyozimuliwa, ya kusafisha metali ili lehemu ishike, kwa burashi ndogo, nikachukua chembe ya lehemu kwa ncha, nikagusa kwa ndani ya kona. Ilikimbia kwenye ufa kama maji kwenye mfereji. Sekunde moja. Nikageuza, nikavuta, haikutoka. Nilikaa pale nikiitazama ile kona moja kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Furaha hiyo ndiyo iliyonipumbaza. Nikaunganisha behewa zima kwa saa moja, kila kona safi, bafa zimenyooka, nikalipiga picha. Kwenye picha ndipo nilipoona kwamba ubavu mmoja niliuweka juu chini. Milango ya makaa, ambayo hulala kuelekea chini, ilikuwa na bawaba zake angani. Mtu akishusha makaa kwa mlango ule, itabidi makaa yapande.

Nikajaribu kuubandua kwa chuma. Nikiyeyusha kona hii, ile nyingine imeshaganda. Nikienda ile, hii imeganda. Nikavuta kwa koleo, ubavu ukaanza kupinda. Nikauacha. Usiku kitandani hesabu ikanijia yenyewe: lehemu inayeyuka kwenye 70. Maji yanachemka kwenye 100. Metali nyeupe haijali chochote chini ya 150. Nikaamka.

Jikoni kulikuwa na sufuria iliyovunjika mpini. (Haijarudi jikoni tangu siku hiyo, wala haitarudi, ina alama ya rangi nyekundu, na kila mtu nyumbani anajua habari zake.) Nikachemsha maji, nikalifunga behewa kwa waya, nikalizamisha. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha nikalitikisa kidogo tu. Lilifunguka. Pande nne zililala chini polepole, kila moja upande wake, kama ua, na sakafu ikabaki katikati. Chini ya sufuria vikakusanyika vitone vya lehemu vinavyokimbizana kama zebaki. Hakuna kipande kilichopinda, hakuna alama. Maji yalipopoa vitone vikaganda, nikaviokota na kuvitumia tena kesho yake.

Tangu hapo sina woga. Nikikosea, nachemsha. Kuna behewa la breki nimelichemsha mara tatu kwa sababu ya kibanda cha mlinzi ambacho kila nikikitazama kiliegemea upande mmoja. Mtu akiniambia leo kwamba gundi ni salama kwa anayeanza, namwuliza: salama kwa nani? Aliyeanza ndiye atakayekosea.

Jambo moja tu: osha ile asidi. Burashi ya meno ya zamani, maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga. Behewa langu la tatu sikuliosha vizuri, na baada ya wiki kadhaa ukijani ukachanua kwenye beringi za shaba, ukainua rangi yote pale.

Injini ilikuwa habari nyingine, kwa sababu chesisi yake, yaani fremu ya chini, ni mabamba ya shaba ya manjano, yaliyokatwa kwa kuliwa na asidi kiwandani, vipande vyote vikiwa bado vimeshikana kwenye bamba moja kwa vishikizo vidogo. Shaba inasafirisha joto kama umbea. Hapa tena nilipewa ushauri: "Kazi ndogo, chuma kidogo." Uongo mtupu. Chuma kidogo cha wati 25 kinashindwa kupasha mahali pale upesi, unakiegemeza, unasubiri, na wakati wewe unasubiri joto limeshatembea bamba zima na kipande ulicholehemu dakika kumi zilizopita kinadondoka. Unataka chuma cha wati 50 au zaidi na ncha pana, uguse na kuondoka. Na ile lehemu ya nyuzi 70 haishiki shaba tupu. Kwanza unaipaka shaba lehemu ya kawaida, halafu juu yake ndipo unaunganisha metali nyeupe.

Kibanda cha dereva nilikikunja kinyumenyume. Kwenye mabamba haya kila mahali pa kukunja pameliwa nusu ya unene, na huo mfereji unatakiwa ubaki ndani ya kona. Mimi nikaona mfereji kwa nje ndio unaopendeza. Nikapata kibanda kilichofanana na cha injini inayokwenda upande wa pili, ribiti zake zote zikiwa ndani anakokaa dereva. Nikakikunjua, nikakikunja upya, kikakatika kwenye mstari. Shaba hukubali mkunjo mmoja, wa pili inanung'unika, wa tatu inaaga. Nikakiunga kwa lehemu nene ndani ya kona, nikapiga tupa nje, na ukiniuliza ni upande upi sikuonyeshi.

Magurudumu sita, fito mbili za kuyaunganisha. Hapa ndipo watu wengi huzika injini zao. Pini za magurudumu ya kulia, zinazoshika fito, lazima zipishane na za kushoto kwa robo ya duara, nyuzi 90, na ukikosea ukapata 88, si hoja, ilimradi ekseli zote tatu zina kosa lile lile. Mimi niliweka kwa macho, mwanga ukitoka nyuma, nikilinganisha vijiti vya gurudumu moja na vya mwenzake. Kwanza ekseli mbili na fito zake, nikazisukuma juu ya kioo kilichoinamishwa, zikashuka zenyewe. Ndipo nikaongeza ya tatu. Ikakwama. Nikapanua tundu la fito kwa mpindo mmoja wa keekee ya mkono, nikajaribu, mpindo mwingine, nikajaribu. Jioni nzima. Ikashuka.

Kisha likaja lile la vipete. Fito isitoke, unalehemu kipete kidogo kwenye ncha ya pini. Nikalehemu cha kwanza, nikasukuma injini, ikateleza kama jiwe, bila gurudumu kugeuka. Nilikuwa nimelehemu kipete, fito, pini na gurudumu, familia yote pamoja. Gurudumu lenyewe lina vijiti vya plastiki, na kwa kulifungua nililiyeyusha likawa na umbo la yai.

Gurudumu jipya lilipokuja nilishajifunza: unakata kipande cha karatasi nyembamba kabisa, ile ya kusokotea sigara, unakiloweka mafuta ya mashine, unakitoboa na kukivisha kwenye pini juu ya fito, halafu kipete juu yake. Lehemu haipiti kwenye mafuta. Gusa, ondoka. Kisha unaichana karatasi kwa kibano, na pengo inaloliacha ndilo hasa nafasi ambayo fito inahitaji kucheza. Vipete sita kwa robo saa. Nilimwita mtu aje aone, akauliza kama ndiyo hiyo treni yenyewe au bado.

Na yale magurudumu ya hewani? Dawa yake tunaijua toka zamani: mafiga. Mafiga matatu hayayumbishi chungu, hata ardhi ikiwa na mabonde. Ekseli ya nyuma nikaikaza kwenye chesisi, inakanyaga kwa magurudumu mawili. Mbili za mbele nikaziachia zipande na kushuka, zikilalia kijiti kimoja cha shaba katikati kinachobembea kama mizani. Mahali patatu pa kulalia, kama mafiga. Behewa la ekseli mbili ni hivyo hivyo, moja imekazwa, nyingine inabembea. Nilikuwa nimepigana mwaka mzima kulazimisha miguu minne ikanyage sawa.

Ushauri mbaya wa mwisho, kisha ninyamaze. Injini inahitaji uzito ili ivute, na boila yangu ni ya shaba iliyoviringwa, tupu ndani. Nikaambiwa nijaze chembe za risasi na gundi nyeupe ya mbao. Nilifanya. Miezi kadhaa baadaye mshono wa boila ukaanza kufunguka, ndani mna unga mweupe uliofura. Ile gundi hutoa mvuke wa asidi unaoila risasi, na unga unaozaliwa ni mkubwa kuliko risasi yenyewe. Nikakwangua yote, nikaweka bamba la risasi lililokunjwa na kushikwa kwa epoksi. Mshono ule nimeuficha chini ya mkanda wa boila.

Sasa inavuta mabehewa kumi na moja bila kuteleza, polepole, ukisikia mota inaguna tu kwenye mpando. Kumi yamelehemiwa. La kumi na moja ni lile la kwanza, la gundi, na mguu wake bado uko hewani. Nimeshalipeleka kwenye sufuria mara mbili na mara mbili nikalirudisha. Nimeliweka nyuma ya yote, ili likiruka reli kwenye ile kona lisiangushe mwenzake.