Siku Moja Maishani Mwangu: Vipande vya Sampuli 16

Saa mbili asubuhi. Naikuta mita ya umeme mezani kama nilivyoiacha jana, ikitoa wimbi lililokatikakatika. DMA, kifaa kinachohamisha data bila kupitia kichakataji, huchukua sampuli 512 za biti 16 kutoka kwenye ADC, kigeuzi cha volti kuwa namba, na kuziweka katika bafa, eneo la kumbukumbu lililotengwa kwa ajili yake, kisha kichakataji, Cortex-M7 iliyo ndani ya chipu ya STM32H743, huzisoma na kukokotoa volti. Osiloskopu inaonyesha wimbi safi. Programu yetu inaonyesha vipande vipya vilivyochanganyika na vya zamani.

Saa tatu. Naanza na rejista, nafasi ndogo zinazoonyesha hali ya vifaa vilivyo ndani ya chipu. Ile inayohesabu sampuli zilizobaki inapungua inavyopaswa, kwa hiyo DMA inafanya kazi. Rejista hizo, zinazoanzia anwani 0x40000000, hazipitii kwenye kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka ambamo kichakataji huweka nakala za data, na ambamo nakala ya zamani inaweza kubaki DMA inapobadilisha kumbukumbu kuu; ndiyo maana naziamini kuliko bafa.

"Lakini bafa si tumeiwekea volatile, dada?" ananiuliza kijana ninayefanya kazi naye. Namjibu kwamba hilo ni agizo tu kwa kompaila, inayotafsiri msimbo wetu, isiruke usomaji wowote. Kashe haina habari nalo.

Saa tano. Nahesabu urefu wa vipande: kila kimoja ni sampuli 16 au kigawe chake, yaani baiti 32, ambazo ndizo ukubwa wa mstari mmoja wa kashe ya M7, yaani kipande ambacho kashe hukibeba kwa pamoja. (Ningehesabu jana, nisingebadilisha nyaya bure.) Nazima kashe ya data, na wimbi linatulia. Naiwasha tena, kisha naongeza amri ya kubatilisha mistari ya bafa, yaani kutupa nakala zake zilizo kwenye kashe, kabla ya kila usomaji.

Saa saba, wali na maharage.

Saa nane. Kihesabio cha mizunguko sasa kinarudi nyuma, na dawa yangu ya asubuhi ndiyo iliyoleta ugonjwa huu. Bafa inaanzia 0x24000410, anwani isiyogawanyika kwa 32, na kihesabio kimekaa katika baiti 16 zinazoitangulia, kwenye mstari uleule. Kila ninapoubatilisha, thamani yake mpya, ambayo haijaandikwa bado kwenye kumbukumbu kuu, inatupwa.

Saa kumi. Naipanga bafa ianzie kwenye kigawe cha 32. Urefu wake, baiti 1024, hauna tatizo. Kijana anapendekeza tutumie MPU, sehemu ya kichakataji inayoweka kanuni za kila eneo la kumbukumbu, kuliondoa eneo zima kwenye kashe. Nakataa, kwa sababu hesabu zetu hupitia kila sampuli mara kadhaa, na kila mpito ungekuwa wa polepole.

Saa kumi na moja. Kihesabio kinapanda bila kurudi. Kabla ya kuondoka naongeza sharti kwenye skripti ya linka, faili inayopanga mahali pa kila kitu kwenye kumbukumbu, ili programu ikatae kujengwa iwapo bafa itahama tena.