Sare Mbichi

Barua ya onyo la tatu ilikuwa mezani, imebaki saini yangu tu. Mfanyakazi wetu mmoja kachelewa mara tatu ndani ya mwezi, zote zamu ya asubuhi. Akaingia ofisini na sare mbichi mwilini, maji yakichuruzika sakafuni.

"Dada, kailoweka tena usiku."

Kila mumewe alipojua kesho anaingia alfajiri, sare ilitumbukizwa kwenye ndoo. Hakumkataza kazi, alimtafutia kufukuzwa.

Siku zote niliamini mwanamke akiwa na chake, kipigo hupungua. Mara nyingi ni kweli, maana ana nauli na kodi ya kuanzia akiondoka. Lakini mume anayeona kipato cha mke ni dharau hukazana zaidi pale kinapopanda. Kwa huyu dada, ngumi zilianza mwezi alioongezewa mshahara.

Barua nikaichana. Sare ya pili ikawa inalala kwenye kabati lake kazini. Mapokezi wakaambiwa wasimtajie yeyote zamu yake, hata anayejitambulisha kuwa ndugu. Hati ya mshahara akawa anaisomea ofisini, hatoki nayo. Tukafungua njia ya malipo kwenda akaunti mpya, ila kwa ovataimu tu. Mshahara wenyewe mumewe aliujua hadi senti, pengo lingemshtua; ovataimu hupanda na kushuka kila mwezi, haina wa kuihesabu.

Nikakosea mpangilio. Nilisajili akaunti kabla ya kubadili namba ya simu, na mfumo ukatuma ujumbe wa uthibitisho kwenye namba iliyokuwa kwenye faili tangu aajiriwe. Ilikuwa namba ya mumewe. Namba ndiyo hutangulia, unaijaribu kwa kumpigia mbele yako, ndipo uguse akaunti. Nilijua hilo baada ya siku tatu za kutomwona, aliporudi na mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi.

Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190, na Pendekezo namba 206 linaloufuata linataja likizo kwa aliyepigwa nyumbani na kinga ya muda asifukuzwe. Sisi wakati ule hatukuwa na mstari hata mmoja wa namna hiyo. Zile siku tatu nikaziandika likizo ya mwaka.

Akauliza zimebaki ngapi. Nikafungua daftari, nikahesabu mbele yake. Nne.